Chungu Kilichonyolewa Badala Yangu

Siku ya kuanua matanga ya mume wangu naikumbuka vizuri, mwanangu, na usishangae ukiniona nacheka. Kilio nilishakilia. Tulikuwa tumemzika kwenye kibanja chetu hapa hapa Ihembe, katikati ya migomba, na asubuhi hiyo wanawake wa ukoo walikuja na wembe na beseni la maji. Desturi ilikuwa wafiwa wote wanyolewe, na mjane ndiye wa kwanza.

Mimi sikutaka. Haikuwa kiburi wala urembo. Nywele zile alinisuka marehemu mwenyewe, siku chache kabla hajaugua. Alijua kupogoa kahawa. Kusuka hakujua hata kidogo. Mistari ilipinda kama njia ya mbuzi, tukacheka mpaka basi. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yake, nami nilikuwa nayo kichwani.

Shangazi yake, mtu mwema lakini mkali kama pilipili, akaniita nikae mkekani. Nikajifunga kanga kichwani, nikanyamaza. Akasema marehemu hatapumzika nisiponyolewa. Watu wote wakanitazama.

Hapo mama mkwe wangu akatoka jikoni. Alikuwa mfinyanzi, na tangu mazishi alikuwa haongei, anashinda na udongo wake tu. Alibeba chungu kibichi chenye uso wa mwanamke, na juu ya uso amekisuka nywele za udongo, mistari imepinda vile vile. Akakiweka mbele ya shangazi.

"Mnyoe huyu," akasema. "Kichwa cha binti yangu kina mwenyewe, na mwenyewe hajakubali."

Shangazi akamtazama wifi yake, akakitazama chungu. Kisha, Mungu amrehemu, akalowesha wembe akaanza kukinyoa taratibu, amekishika shingo asikiumize. Alipofika utosini akalia. Halafu akajiona anavyokibembeleza, akaangua kicheko, nasi wote tukacheka huku tunalia.

Alipomaliza, mama mkwe akavua kitambaa chake, akakaa mkekani.

"Sasa mimi," akasema. "Mimi nataka."

Akanyolewa kwa heshima zote. Chungu tulikichoma, tukakiweka kaburini. Nywele zangu nilizifumua mwenyewe, siku niliyoona inatosha.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii uzitupe desturi zetu. Kuna mtu zinamfuta machozi kweli. Ukienda msibani beba ndizi, chota maji, lia na wenzako. Lakini kabla hujamgusa aliyefiwa, muulize, na usubiri jibu lake. Yakikufika wewe, sema unachotaka hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilinyamaza, na nisingekuwa na mkwe yule ningenyolewa.

Mungu akujalie umri mrefu na wakwe wenye huruma. Na mpaka siku utakayoliliwa, mwili wako uwe wako.