Kompyuta Isiyojua Salamu

Mimi niliishia darasa la sita, lakini kosa la yule mtaalamu wa foleni pale Kona ya Musa nililiona kabla ya kompyuta yake.

“Mama, hesabu ya magari inaonyesha foleni inaletwa na meza yako ya mihogo,” alimwambia mama muuza mihogo. “Itaondolewa.”

“Mwanangu, salamu umezihesabu?”

“Salamu si gari, mama.”

Mimi, mteja wake, nikamnong’oneza mama huyo atulie. Mtaalamu akaondoka na gari lake, na hapo hapo mbele yetu akapishana na gari la mjomba wa mkewe. Wakasimama katikati ya barabara, dirisha kwa dirisha: shikamoo, watoto hawajambo, mgonjwa je? Nyuma honi zikalia.

Mama akanyoosha mwiko. “Na hiyo nayo ni meza yangu?”

Mtaalamu akaifuta meza kwenye orodha ya vyanzo vya foleni katika kompyuta. Mjomba hakumwandika, mkwe haandikwi.