Mgeni wa Maswali

Mgeni wa chumba chetu cha pembeni huajiriwa kutazama jinsi watu wanavyoishi kazini: nani humsalimia mfagiaji, nani hunyamaza mkubwa akiingia. Kila anapokaribia kuanza kazi katika ofisi mpya hufikia hapa kwetu, kwenye nyumba ya wageni ninapohudumu, na jioni hujizoeza. Hukikabili kiti kitupu, mikono yake miembamba imelala mezani kama vitu vya kuazima, akakiuliza maswali kwa sauti ya chini, akiyarudia mpaka yasimtishe mtu. Nikipita na chai hunyamaza, hushukuru, kisha huanza upya.

Jana aliniomba niketi kwenye kiti kile nijifanye mfanyakazi wa huko aendako. "Dada, siku ukiumwa, nani kazini atakuwa wa kwanza kugundua hujafika?" Nikasahau kujifanya, nikamwambia ni mpishi wetu, kwa sababu tunagombana kila asubuhi na nisipomchokoza huona jiko limepoa. Akacheka kidogo. "Na wewe je, dada yangu?" nikamuuliza. Akautazama mlango, mikono ikashuka mapajani. "Mimi huondoka kabla hawajanizoea," akasema. Mpishi akaita kutoka jikoni, akitaka kujua nimepotelea wapi. Nilipoinuka, mgeni akanishika kiganja, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akijizoeza: "Huwa mnagombania nini?" Nikaketi tena, nikaanza kumsimulia.