Barua ya Mama Aline na Saa ya Seva Yangu

Leo nimegundua kwamba mwongo wa ofisini kwetu ni mimi.

Wiki iliyopita Mama Aline, anayetufanyia usafi, alipewa barua ya onyo. Mashine ya mahudhurio ilionyesha anatoroka kila siku kabla ya saa kumi na moja.

Akabisha: "Mi natokaka kwa saa yenyewe!"

Na mimi, fundi wa kompyuta, nikamjibu kikaoni: "Mama, kompyuta haidanganyi."

Leo nimetumwa nje saa kumi na nusu. Nikaweka kidole. Mashine ikaandika saa kumi na dakika kumi na tisa.

Ala!

Mashine inafuata saa ya seva, kompyuta kuu ya ofisi, na seva yetu ni kompyuta pepe ndani ya kompyuta nyingine. Nakala za data zikianza kuandikwa alasiri, diski inazidiwa, ile pepe inakwama, saa yake inabaki nyuma. Ikifika asubuhi imeshajirekebisha, huoni kitu.

Nani alipanga nakala ziandikwe alasiri badala ya usiku? Mimi. Ili nisibaki kuzisimamia, niwahi kurudi kwangu Nengo.

Nikaenda kwa bosi. "Rekebisha," akasema. "Lakini barua ilishapigwa muhuri."

Nikamfuata Mama Aline jikoni kumwomba samahani. Hakuacha kuosha vikombe.

"Kuniita muongo, uliniita mbele ya watu wote. Bon, samahani unaniletea huku jikoni?"

Haya, watu wote: Mama Aline hakutoroka.

Na nyinyi mliocheka kikaoni mko humu kwenye kundi la ofisi, nawaona. Andikeni kitu.