Diski ya Nkambo katika posheti ya kwaya

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, saa moja na robo asubuhi, Nkambo alipogonga mlango wangu kwa fimbo. Nkambo ni baba wa mama yangu, na mimi mjukuu wake wa kike huniita mama.

"Mama, amuka. Kuko mujane anahama kesho, anauzisha bitu."

Nilijibu ndiyo, lakini moyoni nilisema hapana. Ilikuwa mara ya nne msimu huu wa baridi. Mtaa wetu wa wafanyakazi wa zamani unahamishwa, mgodi umesogea mpaka kuta zimepasuka, na kila anayeondoka anatandaza vitu vyake mbele ya parseli, yaani kiwanja chake: masufuria, vitanda, mara nyingine diski za zamani, zile santuri za muziki. Nkambo alitafuta moja tu. Ujanani alipiga gitaa katika orkestra ya kambi, kama mtaa huu ulivyoitwa, wakatoa diski moja. Alipobatizwa alivunja nakala yake mwenyewe kwa kisigino, mbele ya mashemasi. Sasa sikio la kulia limekufa na la kushoto linafuata. Alitaka kujisikia akipiga mara moja kabla halijaziba.

Tulitembea katika vumbi bila kuongea. Kuongea naye ni kupiga kelele, nami naona haya kupiga kelele njiani.

Kwa yule mjane, mfanyabiashara wa Lubumbashi alikuwa ametutangulia. Alichuchumaa mbele ya karatoni la diski, pembeni mashine yake ndogo ya betri ya kuzijaribia. Zenye picha za wachezaji dansi alizichukua. Za kwaya alizisukuma kando bila kuzifungua.

"Tata, za kanisa nimekuachia zote. Uimbe mpaka mbinguni."

"Unasema nini?"

"Nasema UIMBE!"

Watu wakacheka. Nkambo akatazama picha za zile zilizochukuliwa, kisha akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Turudi, mama. Haiko."

Ndipo mfanyabiashara akafoka. Ndani ya posheti ya wachezaji, yaani lile ganda la karatasi ngumu, alikuta diski ya nyimbo za Mungu. "Batu ba huku! Banachanganya bitu ovyo!"

Yeye si wa kanisa letu, angejuaje? Marehemu bibi alinisimulia: mashemasi walipopita nyumba kwa nyumba wakikusanya muziki wa dunia ili uvunjwe, wanawake walibadilisha. Rumba iliingia posheti ya kwaya, kwaya ikaingia posheti ya rumba. Mashemasi walivunja nyimbo za Mungu wakisema aleluya.

Nilipiga magoti, nikafungua zile za kwaya moja moja. Katika ya tano nikasoma jina la orkestra ya kambi. Nikairudisha haraka, nikaenda kwa mjane.

"Mama, naomba hii."

Aliangalia posheti, kisha mimi. "Unapenda kusali, eeh?"

"Ndiyo, mama." Nilidanganya.

Alicheka puani. "Mi pia nilikuwa napenda kusali hivyo. Beba, mwanangu."

Hapo tungeondoka. Lakini sisi hatuna mashine, majirani pia hawana. Ilikuwepo moja tu, ya yule mtu, na akiiona diski ataitaka. Mwisho nikamwendea.

"Tata, tafazali, tupigie hii."

Aliniuliza mara tatu nasema nini. Alipoitoa ndani, kicheko kikamwisha. "Hii? Batu ba Ulaya banaitafuta sana hii!"

"Kwanza asikie," nilisema, na safari hii nilisikika.

Nkambo alilaza sikio la kushoto kwenye mashine. Gitaa likaingia. Vidole vyake vilicheza juu ya goti, kisha vikaacha. Diski ilipoisha alibaki ameinama vilevile.

"Ni mi huyu? Nilizani nilikuwa napiga muzuri zaidi."

"Tata, ulikuwa unapiga kama shetani!" alisema mfanyabiashara. Nkambo hakusikia. Alimsukumia diski.

"Beba. Kule kuko batu ba masikio."

Walielewana bei, nami nikageukia upande mwingine. Nilitaka kusema ni yangu, nimedanganya ili niipate.

Kesho yake Jumapili, siku ambayo Nkambo huniamsha twende kanisani, hakuna aliyegonga mlango. Niliamka mwenyewe, nikachemsha maji, nikampelekea Nkambo aoshe miguu. Nilimwinamia upande wa kushoto, nikauliza kama tunaenda kanisani. Akasema magoti yanamuuma. Nikarudi kulala, na kengele ikalia bila sisi.