Mwaka Jina Langu Lilipoimbwa

Andika majina kwanza, maana majina ndiyo yanayopotea upesi. Baba yangu aliitwa Luhende na mama yangu aliitwa Nshoma. Mama tulimwita mayu, kama watoto wa Kisukuma wanavyomwita mama yao, na katika maandishi haya nitamwita hivyo. Mimi ni Nkwimba, mzaliwa wao wa kwanza. Nilizaliwa kijijini Didia, Shinyanga, katika nyumba ya nyasi iliyopakana na zizi, wakati wa kuvuna karanga. Mwaka siufahamu, kwa kuwa hakuna aliyeuandika. Ninachojua ni kwamba nilipofikia umri wa kushika jembe la mtu mzima, Wazungu walikwisha kuanza kuchimba dhahabu upande wa Geita, na wanaume wa kwetu walikwisha kuanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea machweo.

Sasa andika sababu ya kukuketisha hapa. Jana asubuhi, wewe Limi mjukuu wangu, ulilitoa jembe langu kuukuu nyuma ya magunia ukalitupa juu ya saruji, kwa sababu mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amesimamisha mkokoteni wake mlangoni. Chuma kile kililia. Hakikulia kama sufuria wala kama bati. Kililia kwa sauti nyembamba inayochelewa kunyamaza, na mimi niliyekuwa nimelala nikajikuta nimeketi kitandani, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika mpini. Nilikwambia ulirudishe. Uliniuliza, kwa adabu lakini kwa kuchoka, kitu kilichobaki upana wa kiganja kina faida gani. Sikukujibu mbele ya mgeni. Ninakujibu leo. Andika kama ninavyosema, wala usinipambie.

Enzi hizo mwanamume wa kwetu alipimwa kwa zizi lake. Baba alikuwa na ng'ombe wanne. Ndugu yake mdogo, Maganga, aliyejenga ng'ambo ya kijito, alikuwa na kundi ambalo likipita kwenda kunywa maji, vumbi lake lilitufikia hadi ndani ya vyungu. Baba mdogo Maganga hakuwa mtu wa majivuno. Wengine ndio waliojivuna kwa niaba yake. Baba akienda penye watu, aliulizwa habari za ng'ombe kabla ya kuulizwa habari za watoto. Asubuhi moja alifunga blanketi lake kwa kamba ya katani, akasema anakwenda Nyarugusu kwenye dhahabu, na kwamba hatarudi mpaka awe na uwezo wa kulijaza zizi. Mayu alimpa mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, akamsindikiza hadi njia panda. Hakulia. Aliporudi aliingia shambani moja kwa moja.

Nami, kwa kuwa baba alikuwa ameweka nadhiri yake, niliweka yangu.

Lazima nikueleze desturi, maana hukuikuta. Shamba kubwa halikulimwa na mtu mmoja. Mwenye shamba alipika pombe ya mtama, akachinja mbuzi kama anaye, akawaalika majirani. Walikuja na majembe mabegani, wakajipanga mstari mmoja, kila mtu na tuta lake, na mpiga ngoma akatembea mbele yao kinyumenyume akiwatazama. Majembe yalipanda na kushuka pamoja, na harufu ya udongo uliofunguliwa ilichanganyika na harufu ya jasho na ya pombe iliyosubiri kivulini. Lakini ndani ya umoja ule kulikuwa na mashindano. Aliyemaliza matuta mengi kuliko wenzake alifungiwa kwenye mpini wa jembe lake ukanda wa ngozi mbichi ya yule mbuzi, na jina lake likaingizwa katika wimbo. Wakaliimba hadi jua likageuka, na msimu wote likaimbwa katika mashamba mengine ambako mwenyewe hakuwapo. Nilitaka jina langu liimbwe. Nilitaka baba atakaporudi alisikie njiani kabla hajafika nyumbani.

Binti ya Maganga, Minza, aliyenizidi miaka kama mitatu, alikwisha kuimbwa mara mbili. Nilipomwambia ninachokitaka, aliushika mkono wangu mbele ya wanawake kisimani, akaugeuza kama mtu anayekagua mhogo.

"Mkono huu ni wa kusongea ugali, mdogo wangu," alisema. "Jembe lina wenyewe."

Walicheka. Hata mayu alitabasamu. Tangu siku hiyo sikulima tena kwa ajili ya mtama. Nililima kwa ajili ya uso wa Minza.

Mayu alikuwa na beberu mmoja tu. Mvua zilipokaribia alimchinja, akapika pombe, akawaita majirani, kwa sababu shamba letu la ng'ambo lilikuwa kubwa na mwanamume wa nyumba hakuwapo. Chakula chetu cha mwaka mzima, sisi na wadogo zangu wawili, kilitegemea siku ile moja. Hilo nililijua, na usiandike kwamba sikulijua kwa kuwa nilikuwa mtoto.

Tuta la kwetu hupasuliwa. Kwanza unauvunja mfereji ulio kati ya matuta mawili, ule uliokanyagwa mwaka mzima ukawa mgumu kama sakafu. Kisha unalipasua tuta la zamani na kuugeuza udongo wake juu ya mfereji huo, mpaka palipokuwa bonde panakuwa mgongo, na magugu na mabua yanalala chini kabisa yaoze. Kazi yenyewe iko katika ile sakafu. Pale ndipo mkono unapochoka, na pale, tuta likishafunikwa, hapaonekani tena.

Ngoma ilipoanza nilivunja mfereji wangu hatua kama kumi, nikamwona Minza akinipita. Ndipo nilipoacha kuvunja. Nilikwangua ngozi ya tuta la zamani, nikaitandaza juu ya nyasi, nikasonga mbele. Tuta langu lilifanana kabisa na matuta ya wenzangu, na mwendo wangu ulikuwa mara mbili ya wao. Nilijiambia kwamba mvua itamalizia. Kufikia wakati watu walipokwenda kunywa, nilikuwa nimemaliza matuta saba, na mpiga ngoma alikuwa akiliita jina langu na watu wakilipokea: Nkwimba wa Luhende, Nkwimba wa Luhende. Nilifungiwa ukanda wa ngozi, bado una unyevu na harufu ya damu. Sijapata kusikia kitu kitamu kama jina lile katika vinywa vya watu wengi. Nasema kweli, usidhani ninalidharau.

Minza alikuja akihema, akasimama juu ya tuta langu la mwisho. Alilikanyaga kwa kidole gumba cha mguu. Akanitazama, akaenda zake.

Watu walipoondoka, jua likiwa bado juu ya ua wa minyaa, mayu alichukua fimbo ya kuchungia akaanza kutembea shambani. Aliichoma katika matuta ya majirani, moja baada ya jingine, na kila mara ilizama mpaka mkono wake ukakaribia udongo. Alipofika kwenye yangu, fimbo iliingia kiasi cha pingili ya kidole, kisha ikagonga, kama mtu anayebisha hodi. Aliichoma mahali pengine. Ikagonga.

"Yako ni mangapi?" aliuliza.

"Saba, mayu."

Aliyatazama yote saba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mbuzi wetu amekwisha kuliwa," alisema.

Hakunipiga, na laiti angenipiga. Kesho yake nilichukua jembe niende kuyarudia, akanizuia mlangoni. "Hayo umekwisha kuimbiwa," alisema. "Yaache kama yalivyo. Mtu asiyaguse."

Tulipanda. Katika matuta ya majirani mtama uliota ukiwa na rangi ya kijani kizito. Katika matuta yangu ulitoka mwembamba na wa njano, na nyasi nilizozificha zikatokeza kabla yake. Mvua ilipokatika, kama ilivyo tabia yake Shinyanga, mizizi ilitafuta pa kushuka ikakuta sakafu. Kila nilipopita pale na ndoo ya maji nilitazama upande mwingine, na bado majirani waliopita njiani waliniita kwa kuimba. Walikuwa wananisifu. Mimi nilikuwa najifunika kanga uso. Wakati wa mavuno, matuta yangu saba hayakujaza ungo mmoja. Miezi ya mwisho ya mwaka tulikula michembe asubuhi na jioni, na mayu, kila tulipomwita aje kula, alisema amekwisha kula wakati wa kusaga.

Baba alirudi katika kiangazi kilichofuata, kwa miguu, akikohoa. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja nyuma yake. Alikuwa na lile blanketi lake na jembe jipya lisilo na mpini, lililofuliwa na wahunzi wa Uzinza, jeusi, zito, lenye ubavu mpana kama ungo mdogo. Watu waliokuja kumsalimu walilitazama, kisha wakatazama njia aliyotokea, wakingoja vumbi la kundi. Halikuja. Mzee mmoja aliuliza taratibu, "Luhende, na dhahabu je?" Baba akajibu, "Dhahabu ipo. Wanaichimba." Walijizuia mpaka walipovuka ua, ndipo wakacheka. Kuanzia hapo akaitwa Luhende wa Jembe, na nilimwonea aibu. Hilo nalo liandike.

Siku ya tatu aliniita shambani, akaketi kwenye kichwa cha tuta langu mojawapo, ambalo sasa lilikuwa nyasi tupu. Mayu alikuwa amemweleza, nilijua.

"Ulitaka nini, Nkwimba?" aliuliza.

"Jina langu liimbwe."

"Liliimbwa?"

"Liliimbwa."

Alikohoa kwa muda mrefu. Nilingoja karipio ambalo halikuja.

"Mimi kule shimoni," alisema, "kila jiwe nililolipandisha nililipima kwa ng'ombe wa Maganga. Siku moja mwenzangu wa shifti aliniuliza, je, wewe mwenyewe unataka wangapi? Nikaona sijui. Miaka miwili chini ya ardhi, na sijui. Basi nikarudi."

"Na jembe?"

"Jembe nilijua ninalitaka." Akaliweka miguuni pangu. "Lakini sasa ni lako. Litie mpini unaokufaa."

Msimu uliofuata niliweka nadhiri nyingine, na safari hii sikumwambia mtu. Kila tuta nitakalolima, nikiingiza mkono wangu lazima uzame mpaka kiwiko. Hayo tu. Sikujiwekea idadi. Tulipoitwa kulima kwa baba mdogo Maganga, ngoma ilianza, mstari ukaondoka, nami nikabaki nyuma nikivunja sakafu ya mfereji kwa jembe lile zito. Minza aligeuka akiwa mbali.

"Nkwimba, unachimba dhahabu hapo?" aliita. "Au ile ya Nyarugusu haikumtosha baba yako?"

Shamba zima lilicheka, na mpiga ngoma, asiyeacha jambo lipite, akaliingiza katika wimbo. Kwa hiyo jina langu liliimbwa mara ya pili, likiwa sasa la mzaha. Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kukwangua, mikono yenyewe ilinikumbusha namna ya kukwangua. Sikukwangua. Nilipofika mwisho wa tuta langu la tatu, nyama ilikuwa imekwisha, ngoma imening'inizwa, na watu wanaaga. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono. Udongo wa chini ulikuwa wa baridi na laini, na mkono ulizama mpaka kiwiko. Nikasimama, nikajipangusa, nikaenda nyumbani. Hakuna aliyeniona.

Sitakudanganya kwamba mwaka ule tulishiba. Mvua ilikuwa mbaya, na katika shamba letu, nililolilima mimi na mayu peke yetu, tulipata cha kula na mbegu ya kupanda, basi. Minza alikuwa mkulima hodari, akafa akiwa hodari; matuta yake hayakuwa na udanganyifu, nami sikupata kumshinda. Baba alikufa akiwa na ng'ombe sita. Sijui kama hiyo ndiyo idadi aliyoitaka hatimaye. Sikumwuliza, na hilo ni kosa langu.

Lakini jambo moja nililielewa nikiwa nimekwisha kuzaa mwenyewe. Tulipomzika mayu, shangazi yangu aliniambia kwamba ule mwaka wa matuta saba mama yangu hakuwa anakula wakati wa kusaga. Hakuwa anakula kabisa jioni. Angeweza kuyarudia matuta yale kwa siku mbili kabla ya mvua. Shangazi mwenyewe alijitolea kumsaidia, mayu akakataa. Aliyaacha yasimame mbele yangu mwaka mzima, akalipa kwa tumbo lake. Mimi nilidhani amenikasirikia. Siku zote zile nilidhani amenikasirikia.

Sasa sikiliza unachopaswa kutunza, na uandike bila kufuta.

Tunza jembe hili alilonipa baba. Usilitundike ukutani hapa mjini Kambarage wageni waliulizie. Usilipake rangi. Ule ukanda wa ngozi usiutafute, niliukata nikautia motoni. Mpini huu ni wa nne. Ukioza, tia wa tano, lakini chuma kisiuzwe. Umeniambia unataka kuwa wa kwanza darasani kwa sababu binti wa jirani ni wa kwanza. Sikukatazi. Ila mvua za kwanza zikinyesha, litoe jembe, ligonge mara moja juu ya saruji, usikilize mpaka linyamaze. Kisha jiulize ungetaka nini kama binti wa jirani asingekuwapo. Jibu likija, usiniletee. Ingiza mkono katika kazi yako, uone unazama hadi wapi.