Mama wa Viti Akosa Kiti

Ukifiwa mjini Chaka, au ukioa, au ukitaka askofu akuombee stoo yako mpya ya vitunguu, utampigia simu Ngendo. Yeye ndiye mwenye hema na viti. Viti vyenyewe ni vya plastiki, vyeupe, vimeandikwa NGENDO mgongoni kwa rangi nyekundu, na vimebeba makalio ya kila cheo kutoka Kiganjo hadi Naro Moru. Watu hudhani biashara yake ni kukodisha viti. Wanakosea. Biashara yake ni kuamua nani akae wapi.

Ukimsalimia vizuri unawekwa kivulini, karibu na sufuria ya pilau. Ukimuudhi unawekwa nyuma ya mlingoti wa hema, na sherehe nzima utaiona nusu nusu: nusu ya bibi harusi, nusu ya mhubiri, nusu ya keki. Kuna diwani mmoja aliyemwita "mama wa plastiki" mbele za watu. Tangu siku hiyo diwani huyo hajaona jeneza zima. Huona upande wa miguu tu.

Lakini kama mlingoti ungekuwa na mwenyewe, mwenyewe angekuwa Karambu.

Karambu ni mama yake Kajuju, na Kajuju ndiye aliyeolewa na Muchiri, mtoto wa pekee wa Ngendo. Anatoka Timau, analima ngano kidogo, anafuga nyuki, ana sauti ya chini, ana kiuno, na ana meno yake yote. Kosa lake halijulikani hadi leo. Siku ya kupeleka mahari, Ngendo alifika Timau akiwa tayari kudharauliwa, kumbe Karambu akampokea kwa heshima zote, akamketisha mahali pazuri, akamwekea asali kwenye chai kwa mkono wake mwenyewe. Mtu amekuja na chuki yake amebeba kutoka nyumbani, halafu unamnyima mahali pa kuitua! Ngendo aliirudisha Chaka nzima nzima. Siku ya harusi, mama mzazi wa bibi harusi alitazama bintiye akiolewa kutoka nyuma ya mlingoti.

"Si uliona vizuri, Mama Kajuju?" Ngendo alimuuliza baadaye, uso umejaa ukarimu.

"Niliona sana, Mama Muchiri. Hata hiyo mti niliegemea, mgongo ikapumzika."

Mtu wa kujibu hivyo utamfanya nini?

Wajukuu walipokuja, Ngendo alijua ameshinda. Kwao Wagikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na mvulana wa kwanza jina la baba yake baba. Kwa hiyo msichana, ambaye sasa ana miaka mitano, ni Ngendo. Na kijana, mwenye mitatu, ni Kihara, jina la mume wa Ngendo aliyetangulia mbele za haki. Na huko jina si jina tu. Bibi humwita mjukuu wa namna hiyo "mume wangu" mchana kweupe, na hakuna anayegeuka kutazama. Kihara mdogo alipokuwa mchanga, Ngendo alimpakata akamwambia: "Mume wangu, umerudi bila meno. Lakini hata ukienda hukuwa nayo."

Taabu ilikuwa moja tu. Ngendo mdogo na Kihara mdogo walimpenda Karambu.

Wazazi wao wanafanya kazi hotelini Diani, kule pwani, na shule zikifungwa watoto hupandishwa mlimani: nusu ya likizo kwa Shosho Chaka, yaani bibi wa Chaka, nusu kwa Shosho Timau. Wakiwa Chaka huuliza siku ya kwenda Timau. Wakiwa Timau hawaulizi kitu.

"Hebu fikiria," Ngendo alimlalamikia Wangui, mama anayemsaidia kuosha viti. "Mimi mwenyewe, na mzee wangu, tumehamia kwa Karambu! Kihara akiwa hai hakuwahi kuangalia mwanamke mwingine."

"Aliangalia," Wangui akasema, akisugua kiti. "Yule wa posta."

"Alikuwa ananunua stempu!"

"Kila siku? Na hakuna mahali alikuwa anatuma barua?"

"Osha viti, Wangui."

Likizo ya Agosti ilipokaribia kuisha, Muchiri akapiga simu. Hoteli yao ilikuwa na ndege ndogo iliyoleta watalii Nanyuki kuangalia mlima, na ilikuwa ikirudi pwani tupu. Meneja amekubali watoto warudi nayo, na shosho wote wawili wawasindikize, wakae wiki moja baharini.

"Siti ziko aje?" Ngendo akauliza. Mwingine angeuliza kama ndege huanguka.

"Mum, ni ndege ndogo. Viti ni vya mmoja mmoja, halafu huko nyuma kabisa kuna benchi ya watu watatu. Watoto watakaa hapo na mtu mzima mmoja, sababu hawawezi kaa peke yao."

"Mtu mzima gani?"

"Yeyote, Mum. Mtaelewana."

Kuelewana! Muchiri ni kijana mzuri lakini hana akili ya viti. Benchi moja, watoto wawili, nafasi moja. Ngendo hakusikia tena habari za bahari.

Alijiandaa kama mtu wa kazi yake. Nafasi hushikwa kwa kitu, na vitu vina vyeo. Kofia kwenye kiti inaweza kusogezwa. Sweta inaombwa radhi kwanza. Lakini Biblia kwenye kiti, huko kwao, ina nguvu kuliko hati ya shamba. Akachukua vyote vitatu.

Tena kulikuwa na suala la viazi. Muchiri aliwahi kusema viazi vya pwani vina ladha ya sabuni, na Ngendo alijua kwa hakika kwamba Karambu angebeba asali, kitu kidogo, kitamu, cha kujipendekeza. Yeye angebeba waru, viazi vya kwao Chaka. Walikuwa wameambiwa kila mtu na mkoba mmoja mdogo, na mkoba wake ulishajaa nguo za kanisani. Kwa hiyo akatoa koti kubwa la marehemu, akalishonea mifuko ndani, mingine juu ya mingine, akaijaza viazi. Alipolivaa alitembea kama mtu aliyebeba jabali.

Asubuhi ya safari, mlima ulikuwa umejitoa wote, theluji kidogo kichwani kama mzee asiyechana nywele. Ngendo alifika kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Nanyuki kabla ya kila mtu. Mlango wa ndege ulikuwa wazi. Akapanda ngazi akihema, akapita hadi nyuma, akaweka kofia kiti cha kushoto, sweta kiti cha kulia, na katikati, kwenye kiti cha enzi, Biblia. Akashuka akiwa ameridhika.

Karambu akafika na watoto kutoka Timau, amevaa kitenge kipya cha kijani, chupa ya asali kwenye kikapu, Kihara mgongoni.

"Mume wangu!" Ngendo akaita, mikono wazi.

Mumewe akaficha uso kwenye shingo ya yule mwanamke.

"Ameamka vibaya tu," Karambu akasema kwa upole wake ule.

Ndipo msichana wa uwanja, jina lake Anita, akaja akiburuta mizani.

"Shosho, panda hapa tukupime."

"Mimi ni kondoo?"

"Kila mtu anapimwa, shosho. Hii ndege ni ndogo, lazima tujue uzito iko wapi."

Karambu akapanda, akashuka, kama ndege mdogo kwenye waya. Watoto wakapanda wakicheka. Ngendo akapanda. Mshale ukakimbia. Anita akautazama mshale, akamtazama Ngendo: uso mwembamba, miguu kama mipini ya jembe. Akaipiga mizani teke kidogo. Mshale haukubadili ushahidi wake.

"Shosho, uko na kitu kwa koti?"

Karambu alikuwa amesimama pale pale.

"Ni mwili," Ngendo akasema.

"Mwili?"

"Ni mifupa. Sisi watu wa Chaka tuko na mifupa nzito."

Rubani, kijana mtanashati aitwaye Munene, akaja akaambiwa uzito wa kila mtu. Akakuna kidevu. "Sawa. Mwepesi nyuma, mzito mbele. Shosho wa kitenge akae kwa benchi na watoto. Shosho wa koti akae hapa nyuma yangu."

"Lakini nimeshaweka Biblia!"

"Biblia inaweza kubaki, shosho. Wewe ndiye huwezi. Nikikuweka huko nyuma, pua ya ndege itaangalia mbinguni."

"Na si huko ndio tunataka kwenda?"

"Si leo," rubani akasema.

Sasa tazama jambo lilivyokuwa rahisi. Ngendo angefungua koti. Angetoa viazi, akapimwa tena, akawa mwepesi kama Karambu, na Biblia yake ingempokea. Mkono wake ulienda hadi kwenye kifungo cha kwanza. Lakini Karambu alikuwa akimtazama, na uso wake haukuwa na dharau hata ya kijiko, na hilo lilikuwa baya zaidi. Asimame hapo uwanjani, atoe waru mmoja mmoja kifuani, mbele ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimweka nyuma ya mlingoti? Kifungo kikabaki kimefungwa.

Yeye aliyeketisha maaskofu, akaketishwa.

Kiti chenyewe kilikuwa kizuri kuliko vyote. Watalii wangekigombania. Mbele yake kulikuwa na vioo, saa za kila aina na mgongo wa rubani. Upande mmoja mlima, chini yake mashamba yote ya Kieni yamekunjuliwa kama nguo za kuanikwa. Hata hema zake mwenyewe alipita juu yake, nyeupe, mahali fulani karibu na Chaka, watu wakiomboleza bila yeye. Hakuona. Mkanda ulikuwa umembana kiunoni, naye alikuwa amejipinda shingo kama kuku anayetaka kujua kilicho nyuma ya mkia wake.

Nyuma, Karambu alikuwa katikati. Ngendo mdogo amelala kwenye bega lake la kushoto. Kihara ameshika kidole chake. Biblia ya Ngendo ilikuwa magotini pake, imeshikwa vizuri.

Walipouacha mlima nyuma ndege ikaanza kutikisika. Watoto wakalia. Kisha Kihara akafungua mdomo, akatapika uji wote wa asubuhi kwenye kitenge kipya cha kijani.

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru kuwa mbele. Ngendo alihisi kisu. Kihara mkubwa, enzi zake, akitoka kunywa, alikuwa akimtapikia Ngendo peke yake. Hakuwahi kumtapikia mwingine. Ilikuwa haki yake ya ndoa, na sasa ilikuwa imemwagika kwenye mapaja ya Timau.

Halafu akaona Karambu ameinama, anawanong'oneza watoto kitu, akielekeza kidole mbele. Kilio kikakatika. Watoto wote wawili wakamkodolea Ngendo macho makubwa, midomo wazi.

"Anawaambia habari ya koti," Ngendo akajisemea. "Ananiangamiza, na mimi nimefungwa mkanda."

Hivyo ndivyo alivyosafiri hadi pwani.

Ndege ilipotua, mlango ulifunguliwa na joto likaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Muchiri na Kajuju walikuwa wakipunga mikono. Watoto wakashuka wakikimbia. Wakampita baba. Wakampita mama. Wakamkumbatia Ngendo magotini karibu wamwangushe.

"Shosho! Umeendesha ndege!" Ngendo mdogo akapiga kelele.

"Nimefanya nini?"

"Shosho Timau alisema tusilie. Alisema Shosho Chaka ndiye anaendesha, na huyo uncle wa mbele ni wa kumshikia tu usukani. Alisema hujawahi angusha kitu!"

Kihara, mumewe, alikuwa akilipapasa lile koti kwa heshima, kama mtu anayegusa gari jipya. Kitu kikachomoka kwenye mshono. Kiazi kikadunda, kikabingirika, kikasimama mbele ya viatu vya Karambu.

Karambu akakiokota. Kitenge chake kilinuka hadi barabarani. Akasogea, akakitia kiazi mkononi mwa Ngendo, akasema kwa sauti ya wao wawili tu:

"Mama Muchiri, mfupa wako umeanguka."

Ngendo akakitia kiazi mfukoni. Wiki nzima baharini hakufurahia hata samaki. Kilichomtafuna si kiazi. Ni ule uongo. Uongo mzuri vile, na ulitungwa na mwingine! Angekuwa yeye kwenye benchi, angewaambia watoto kwamba Karambu anaendesha? Asingewaambia. Angewaambia Karambu amekimbia na asali. Alilijua hilo vizuri, na alimwonea Karambu wivu kwa kutoijua roho ya namna hiyo.

Watoto walibatizwa Chaka mwezi wa kumi na mbili, chini ya hema ya bibi yao. Karambu alifika mapema, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlingoti, kama mtu anayejua kwake.

"Wewe, Mama Kajuju!" Ngendo akaita. "Toka hapo. Hapo ni pa diwani."

Akamshika mkono hadi mstari wa mbele. Alikuwa amepanga viti vinne: watoto katikati, bibi mmoja kila upande. Ngendo mdogo akawekwa karibu na Karambu, na Kihara karibu na Ngendo mkubwa. Yule msichana aende anakotaka, lakini mume ni mume.

Mhubiri akasema tufumbe macho tuombe. Sala ilikuwa ndefu, ya kihubiri. Ilipofika kwenye mvua na serikali, Ngendo akafumbua jicho moja. Kiti cha Kihara kilikuwa kitupu. Mumewe alikuwa ameshavuka, kichwa kwenye mapaja ya Karambu, miguu kwenye mapaja ya dada yake, anapiga usingizi.

Ngendo akafumba jicho. Kisha, polepole, bila kukatiza sala ya mtu, akakisukuma kiti kitupu nyuma kwa mguu, akashika chake kwa chini, akakiburuta, akakiburuta tena, mpaka goti lake likaguswa na kiatu kidogo kilichokuwa kikining'inia.