Zima Mashine, Aeleze

Mtaani walimwita Mama Macho, na hakukasirika. Anayepiga pasi nguo za watu hana budi kuona: kifungo kilicholegea, doa lililojificha kwapani, pindo linalotaka kufumuka. Kwa kitinda mimba wake alikuwa na macho zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe shule aliionja tu, na huyu alitaka aimalize.

Alikuwa na shati la mtu mezani aliposikia binti huyo akimsimulia mwenzake dirishani, "Leo nimekufa mara tatu. Mara ya mwisho nilifia kwenye moyo."

Pasi ilikaa juu ya kola muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.

Binti alicheka, akaeleza kwamba ni mchezo wa kompyuta wa kipindi cha sayansi. Mtu anakuwa chembe ya damu, anasambaza oksijeni mwilini, akikosea njia anakufa, anaanza upya. Maelezo hayo yalimzidishia mama wasiwasi. Kumbe anamtuma shule akacheze? Wifi yake, ambaye maneno hayamwishi, akatia chumvi kwamba watoto wa michezo hiyo hubaki na vidole vyepesi na vichwa vitupu. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wifi. Mtoe mapema."

Asubuhi Mama Macho alikwenda shuleni akiwa ameshaamua: binti ahamishiwe darasa lisilo na mashine. Binti alimfuata nyuma, machozi yakimlengalenga. Mwaka uliopita alikuwa haulizi wala hajibu kitu kwenye sayansi. Sasa ndilo somo lililomwamsha kabla ya kuitwa.

Mwalimu wa sayansi, kijana mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alimsikiliza darasani, mbele ya wanafunzi, mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamvutia kiti mbele ya kompyuta, akamwomba ajaribu mwenyewe. Mama Macho akawa chembe ya damu. Akaingia moyoni, akaona njia aliyotokea ni fupi zaidi, akageuka. Mlango ukajifunga, skrini ikawa nyeusi. Alijaribu tena, akafa tena. Akageuza shingo kuwatazama wanafunzi, tayari kwa kicheko. Hakukuwa na jino lililoonekana.

"Hapa hatumcheki aliyekufa, mama," mwalimu alisema. "Tunamuuliza kwa nini."

Neno hilo lilimwingia. Enzi zake, jibu baya lilizaa fimbo na kicheko, na ulimi ukajifunza kukaa ndani. Lakini hakuwa mtu wa kununuliwa kwa picha zinazowaka. Akainuka.

"Zima mashine, mwalimu. Aeleze."

Binti akasimama mbele ya skrini iliyozimwa, mikono haina pa kukaa. Akaanza kwa sauti ndogo: anachukua oksijeni kwenye mapafu, anateremka moja kwa moja hadi mguuni... Akasita. Mama akashika mkanda wa mkoba wake kwa nguvu. Hili ndilo alilolijia, na sasa hakulitaka.

"Hapana," binti akasema, na sauti ikapanda. "Hapo nilikufa. Kutoka kwenye mapafu lazima nirudi kwanza kwenye moyo, upande wa kushoto, unisukume. Bila kusukumwa sifiki popote. Na milango yake inafunguka upande mmoja tu, mama. Ndiyo maana wewe umekufa ulipogeuka."

Wanafunzi sasa walicheka, na Mama Macho akacheka nao kabla hajajizuia.

"Abaki," akamwambia mwalimu. "Lakini kila mkimaliza kucheza, mashine zizimwe, mmoja asimame aeleze. Vidole vikijua na mdomo usijue, bado hamjajua."

Mwalimu alisema amekuwa akiwapa maswali ya kuandika, ila hili la kusimama analichukua, na linaanza leo. Akamwita mwanafunzi wa dawati la mwisho, aliyekuwa ameinama kama anayetafuta kalamu. Nguo za watu zilikuwa zikisubiri nyumbani, lakini Mama Macho akakivuta tena kile kiti, akakigeuzia darasani, akaketi kusikiliza.